Amefungwa Mpaka Lini? Maneno ya Kifungo kati ya Kiingereza na Kiswahili cha Kampala

Bado ninalo daftari la Kiswahili nililotumia nilipokuwa sekondari. Katika ukurasa mmoja mwalimu alituandikia ubaoni maneno ya Kiingereza yanayohusu kifungo, na mbele ya kila neno tafsiri yake, nasi tukanakili. "Prison" ni gereza. "Jail" ni jela. "Lock-up" ni korokoroni. "Remand" ni rumande. "Custody" ni kizuizini, na "detention" ni kizuizini vilevile. "Bail" ni dhamana, "bond" ni dhamana. "Remission" ni msamaha, "pardon" ni msamaha. Chini yake tuliandika kwa wino mwekundu kwamba gereza, jela, rumande, korokoroni na kizuizini ni visawe. Katika mtihani tuliulizwa tutaje visawe vitatu vya neno jela. Nilipata alama zote tatu.

Makala haya ni uhakiki wa ukurasa ule. Sina ugomvi na mwalimu aliyeuandika, maana alitupa alichopewa, na sisi tuliosoma Kiswahili Uganda wakati ambapo kitabu kimoja kiligawanywa kwa wanafunzi sita tunajua thamani ya mwalimu anayejaza ubao. Ugomvi wangu ni na fikra iliyo nyuma ya ukurasa. Orodha ile inayachukua maneno ya kifungo kana kwamba yote ni majina ya nyumba zenye kuta nene na mlango wa chuma, na kwa kuwa nyumba zinafanana, maneno nayo yanafanana. Lakini ukiyatazama maneno yenyewe, ya Kiingereza na ya Kiswahili, utaona kwamba mengi yanahusu muda na amri kuliko nyumba. Yanajibu nani kaamuru mtu huyu akae humo, na atakaa mpaka lini. Mtafsiri akiliacha swali hilo, hata kama kila neno lake limo kwenye kamusi, atakuwa hajatafsiri.

Nilijua hivyo kabla sijajua kwamba ninajua. Mwaka 2016 kaka yangu alikamatwa kwa tuhuma ya wizi wa vipuri vya pikipiki, akafikishwa mbele ya hakimu katika mahakama moja ya hapa Kampala. Mama yetu alizaliwa Arua. Lugha yake ni Kilugbara, Kiganda chake ni cha sokoni, Kiingereza hana. Lakini Kiswahili anacho, kile cha kwetu Uganda kilichokua katika kambi za jeshi, malori na masoko. Hakimu alisema kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa anarudishwa rumande, na kesi itatajwa tena tarehe 14. Karani aliyekuwa akitafsiri, kwa kuwa hakuwa na Kilugbara, alimgeukia mama akamwambia: "Mama, kijana yako amefungwa mpaka tarehe kumi na nne."

Mama alishukuru. Njiani kurudi nyumbani alimshukuru Mungu kwa sauti, kwa sababu wiki mbili kwa kosa la wizi ni adhabu ndogo, na alikuwa amesikia ya watoto wa wengine waliopewa miaka. Tarehe 14 aliamka mapema, akafunga shati safi na viatu katika mfuko, akaweka kando nauli ya watu wawili, akaenda kusimama langoni Luzira kumngoja mwanawe atoke. Alisimama hapo asubuhi nzima. Mwisho askari wa langoni, mtu mwenye upole, akamuuliza anamngoja nani, kisha akamwambia: "Mama, watu wa kesi wameshapelekwa kotini tangu asubuhi."

Kaka alikuwa mahakamani. Hakimu alimuuliza kama ana wadhamini. Aligeuka kutazama madawati ya nyuma, hakumwona mtu wa kwao. Akarudishwa. Alikaa miezi minne na siku kadhaa, mpaka kesi ilipofutwa kwa kukosa mashahidi.

Kwa hiyo nataka kuuliza, kama wanafunzi wa lugha tunavyopaswa kuuliza: kosa lilikuwa wapi? Neno "amefungwa" si kosa la sarufi. Katika Kiswahili cha mitaani, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, mtu yeyote aliye nyuma ya mlango wa chuma amefungwa. Mzizi -fung- ni mzizi mpana sana. Mlango hufungwa, mzigo hufungwa, ndoa hufungwa, mtu hufunga Ramadhani, timu hufungwa mabao. Kiganda nacho kinafanya hivyo hivyo: okusiba ni kufunga kamba, na omusibe ni mfungwa. Basi karani alisema neno ambalo kila mtu angelisema. Ila alipoliambatanisha na "mpaka tarehe kumi na nne", sentensi ilibadilika. "Amefungwa" peke yake inaweza kumaanisha yuko ndani tu. "Amefungwa mpaka tarehe fulani" ni hukumu yenye mwisho. Tarehe ambayo kwa Kiingereza ilikuwa siku ya kurudi mbele ya hakimu, kwa Kiswahili cha karani ikawa siku ya kutoka.

Watu wawili nilipowasimulia kisa hiki walinijibu upesi kwamba ndiyo hivyo, Kiswahili hakina maneno ya kisheria, Kiingereza kina maneno mengi na sahihi. Jibu hilo ni jepesi na si kweli, na linatufaa tulichunguze kwa sababu ndilo tunalolisikia kila Kiswahili kinapotajwa katika nchi hii.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Maneno tunayoyastahi kwa usahihi wake karibu yote Kiingereza kiliyaazima. "Prison" ilikuja kwa njia ya Kifaransa kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kushika, kukamata. "Jail" na tahajia yake ya zamani "gaol" zina asili moja, neno la Kilatini kwa tundu, kama tundu la kufugia ndege. "Detain" ni kushikilia. "Parole" ni Kifaransa kwa neno, yaani ahadi ya mtu kwamba hatatoroka. Na "remand", neno lililomsimamisha mama langoni, maana yake ya asili ni kuagiza kitu kirudishwe. Humo hamna ukuta wala mlango. Mna amri tu, rudi ulikotoka, tutakuita. Waingereza nao waliyapokea maneno haya kwa waliowatawala, Wanormani walioingia mwaka 1066 na Kifaransa chao cha mahakamani. Kwa karne kadhaa mkulima wa Kiingereza alihukumiwa kwa lugha asiyoijua. Hali ya mama yangu haikuwa ngeni kwao.

Kiswahili kimefanya vivyo hivyo, na kila tabaka la maneno yake ya kifungo ni kumbukumbu ya aliyekuwa na ufunguo. Gereza, wasemavyo wengi wa waliochunguza asili yake, ni neno la Kireno la kanisa, igreja. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, na ndani ya ngome mlikuwa na kanisa. Watu wa mji wakaliita jengo zima kwa jina walilolisikia. Waingereza walipoigeuza ngome hiyo kuwa gereza mwaka 1895, na kuitumia hivyo hadi 1958, neno likawa na maana tunayoijua leo. Mahabusu ni Kiarabu, kutoka mzizi wa kuzuia na kufungia. Jela, rumande na lokapu ni za Waingereza. Kifungo, mfungwa na kizuizi tumevifinyanga wenyewe kwa vitenzi vyetu, tena kifungo hicho hicho ndicho kinachoshikiza shati.

Sasa tazama jinsi maneno haya yanavyogawana kazi pale ambapo Kiswahili ndicho lugha ya polisi na magazeti. Tanzania humwita mfungwa yule aliyekwisha hukumiwa, na mahabusu yule anayengoja. Hawachanganyi. Kizuizini ni kwingine kabisa: ni mahali pa mtu aliyewekwa ndani bila kushtakiwa, kwa amri ya serikali. Maneno matatu yanawatenga watu watatu. Kwa hiyo nilipoandika kwa wino mwekundu kwamba hivi ni visawe, nilikuwa nikiifuta tofauti ambayo Kiswahili kilikuwa kimeshaifanya. Kiganda nacho hakikulala. Gazeti la Bukedde likiandika kwamba mtu amepelekwa "ku alimanda", kila msomaji anajua kwamba kesi haijaisha. Hata serikali imeijenga tofauti hiyo kwa matofali: pale Luzira, gereza la rumande la Kampala ni jengo lake, na Upper Prison ni jengo jingine. Orodha ya daftari langu peke yake ndiyo iliyowalaza wote chumba kimoja.

Sarufi nayo inatufundisha kitu ambacho orodha haikionyeshi. Kifungo ni nomino ya ngeli ya KI-VI na inakubali kipimo: kifungo cha miezi sita, kifungo cha miaka mitatu. Kizuizini ni mahali, ina kiambishi -ni mwishoni, na haipimiki. Huwezi kusema "kizuizini cha miaka mitatu". Unaweza tu kusema mtu yuko huko, au alikaa huko, na muda utaujua akishatoka. Kumbuka kwamba kizuizi pia ni lile gogo au mti unaowekwa barabarani kusimamisha magari. Anayesimamishwa kwenye kizuizi hajui ataruhusiwa saa ngapi, inategemea askari. Anayetumikia kifungo anahesabu.

Nisisitize hapa kwa mfano wa fasihi, kwa sababu nimeona kosa la daftari langu likirudi katika insha zetu za chuo kikuu. Tunapoandika juu ya fasihi ya gerezani tuna mazoea ya kuwataja kwa pumzi moja Abdilatif Abdalla na Ngũgĩ wa Thiong'o, "waandishi waliotiwa kizuizini". Wote wawili walikuwa Wakenya, wote walikaa Kamiti, wote waliandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Lakini hawakuwa katika neno moja. Abdilatif alishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya kijikaratasi chake cha mwaka 1968, *Kenya: Twendapi?*, akahukumiwa na mahakama, akatumikia kifungo hadi mwaka 1972. Ngũgĩ alichukuliwa nyumbani kwake siku ya mwisho ya mwaka 1977 na hakushtakiwa kwa lolote. Alitoka tarehe 12 Desemba 1978, baada ya Kenyatta kufariki Agosti ya mwaka huo. Wa kwanza alikuwa mfungwa, wa pili alikuwa kizuizini.

Je, tofauti hiyo inabadilisha usomaji? Kwangu imebadilisha sana. *Sauti ya Dhiki*, iliyotoka mwaka 1973, ni diwani ya mtu aliyenyang'anywa kila kitu isipokuwa hesabu. Dhiki yake ina ukingo. Anaweza kugoma, kujibu, kushikilia msimamo, kwa sababu anajua kwamba siku moja yenye tarehe watamfungulia, na lililobaki ni kutotoka akiwa amevunjika. Shajara ya Ngũgĩ ya 1981 haina raha hiyo. Ndani yake adui mkubwa ni kutojua, na ukurasa baada ya ukurasa mwandishi anajaribu kujitengenezea kalenda kwa kuandika riwaya. Kichwa chake cha Kiingereza ni neno moja tu, *Detained*, na neno hilo limechaguliwa kwa makini na mtu aliyekuwa profesa wa fasihi. Tukilitafsiri kwa "amefungwa" tumempa hukumu ambayo serikali yenyewe haikuthubutu kuitafuta mahakamani. Nadhani hilo ni kosa kubwa zaidi kuliko kukosea vina.

Anayeona nachambua mno aende asome kesi. Mahakama ya Juu ya Uganda imetumia miaka kubishana juu ya maneno ya aina hii, na yaliyokuwa mezani yalikuwa maisha ya watu. Mwaka 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake mia nne na kumi na saba, mahakama hiyo ilisema kwamba adhabu ya kifo haiwezi kuwa ya lazima, na kwamba aliyengoja kunyongwa kwa zaidi ya miaka mitatu tangu rufaa yake ya mwisho kukataliwa atahesabiwa kuwa na kifungo cha maisha. Vizuri. Lakini kifungo cha maisha ni muda gani? Sheria ya Magereza ilisema kwamba, kwa ajili ya kuhesabu punguzo la siku, kifungo cha maisha kichukuliwe kuwa miaka 20. Watu waliishika hiyo ishirini. Mwaka 2011, katika kesi ya Tigo, majaji walisema hapana, maisha ni maisha ya mtu yote, mpaka mwisho wake wa asili. Maneno mawili ya Kiingereza hayakubadilika hata herufi, ila aliyekuwa akihesabu ishirini ilibidi aanze kuhesabu upya, na safari hii bila kujua anahesabu kufikia wapi. Katika Kiswahili "amefungwa maisha" ilikuwa imekwisha sema hivyo tangu mwanzo. Ni moja ya mara chache ambapo neno la mtaani lilikuwa mbele ya sheria.

Ipo nyingine. Katiba yetu, ibara ya 23, inasema kwamba muda ambao mtu alikaa ndani kabla ya kesi kuisha "utazingatiwa" anapopangiwa kifungo. Kuzingatia ni nini? Majaji wengi walikuwa wakisema tu kwamba wameuzingatia, kisha wanataja miaka. Mwaka 2017, katika kesi ya Rwabugande, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuzingatia huko ni kwa hesabu: siku za rumande zitolewe katika miaka ya kifungo. Ukitafsiri ibara hiyo kwa Kiswahili leo, utaandika "kuzingatiwa" au "kupunguzwa"? Mimi ningeandika la kwanza na kueleza la pili, lakini naona wazi kwamba mkalimani anayesimama mbele ya mshtakiwa hana nafasi ya kuandika maelezo. Ana sekunde tatu.

Na katika sekunde hizo tatu Kiswahili cha Uganda kina mzigo ambao cha Tanzania hakina. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, Katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima. Lakini wazee wengi wa Kampala walikijifunza kwa njia nyingine. Waliokuwa vijana wakati wa serikali ya pili ya Obote wanaikumbuka misako iliyopewa jina la Kiswahili kitupu: panda gari. Simama. Kaa chini. Toa kitambulisho. Panda gari. Mwanafunzi wa sarufi ataona kwamba vyote ni vitenzi vya amri, na kitenzi cha amri hakina njeo. Hakina li, hakina ta, hakisemi kwa nini wala mpaka lini. Watu waliokipokea Kiswahili hivyo hawatamuuliza karani afafanue. Mama hakuuliza. Aliyeambiwa neno kwa Kiswahili na mtu wa serikali hukubali na kushukuru.

Nitaje kwa haraka "safe house", maneno mawili ambayo Kampala haijayatafsiri. Hatusemi nyumba salama, kwa sababu anayesema hivyo kwa sauti atasikia mara moja kwamba si kweli. Ibara ile ile ya 23 inataka aliyekamatwa awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria. Nyumba hizo tumeziacha na jina lao la kigeni, na nadhani ni uamuzi mzuri wa lugha.

Dhamana ndiyo inayonisumbua zaidi, pengine kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya kumtoa kaka. Daftari linasema "bail" ni dhamana na "bond" ni dhamana. Nchini kwetu ya pili hutolewa na polisi kituoni na haina malipo; vituo vyenyewe vinatangaza kwamba ni bure. Ya kwanza hutolewa na mahakama, na mahakama inaweza kutaka fedha. Mtu aliyeambiwa kwamba jirani alilipa dhamana, kisha akaambiwa kituoni kwamba mwanawe anaweza kutoka kwa dhamana, ataanza kutafuta pesa ambazo hazidaiwi, na daima hapakosi mtu wa kuzipokea. Kiganda kimelitatua jambo hili bila kuunda neno jipya: akakalu ka poliisi, akakalu ka kkooti. Kiswahili kinaweza kusema dhamana ya polisi na dhamana ya mahakama, na kazi imekwisha. Kilichokosekana katika orodha ni kiunganishi kimoja, *ya*.

Hapo tunafika kwenye ibara ambayo ingemsaidia kaka. Katiba inasema kwamba mshtakiwa wa kosa ambalo mahakama za chini pia zinaweza kulisikiliza, akikaa rumande siku 60 kabla ya kesi kusikilizwa, ataachiliwa kwa dhamana, kwa masharti ambayo mahakama itaona yanafaa. Siku 60 zilipita. Hakuna aliyeomba. Baada ya tarehe 14 ile mama aliamini kwamba hukumu imeongezwa, kwa sababu amesema nini tena karani? "Amefungwa mpaka tarehe ishirini na nane." Mtu aliyekwisha hukumiwa hamwombei dhamana, unamwombea kwa Mungu. Ibara ya 28 ya Katiba hiyo hiyo inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, na mkalimani bila malipo. Kaka alielezwa. Yeye alisoma, anajua Kiingereza kiasi. Ila Katiba haisemi neno juu ya mama aliyeketi dawati la nyuma, na katika nchi yetu mama ndiye anayetafuta wadhamini.

Nimejaribu kuiandika upya sentensi ya karani. Kwanza niliandika: "Mama, kijana wako yuko rumande mpaka tarehe kumi na nne." Nikaridhika, maana nimetumia neno sahihi la orodha. Kisha nikamsomea mama, naye akaniuliza, "Na tarehe kumi na nne anatoka?" Neno sahihi lilikuwa halijasaidia kitu. Hapo ndipo nilipoachana na wazo kwamba dawa ni orodha bora zaidi. Sentensi ya tatu ilikuwa ndefu: "Mama, kesi ya kijana wako bado haijaamuliwa. Atarudi hapa mbele ya hakimu tarehe kumi na nne. Uje hapa, usiende Luzira, na uje na watu wawili wa kumdhamini." Humo hamna neno la kisheria isipokuwa kudhamini. Hamna hata neno rumande. Mama alisema hiyo ameielewa, kisha akanyamaza muda, na mimi nikajuta kuisoma.

Kwa wenzangu mtakaokuwa walimu, ombi langu ni dogo. Mkifundisha msamiati huu, msiulize visawe. Mpeni mwanafunzi watu watatu, mmoja amehukumiwa, mmoja anangoja, mmoja hajaambiwa lolote, amwandikie mama wa kila mmoja barua fupi. Kwa wahadhiri wetu naongeza kwamba somo la ukalimani linaweza kufanyika katika madawati ya nyuma ya mahakama yoyote ya hakimu mjini hapa. Milango iko wazi na hakuna kiingilio.

Kaka siku hizi ni fundi wa pikipiki. Mwaka jana alijaza fomu ya kuomba kazi ya ulinzi wa usiku, ya Kiingereza, akaniletea niipitie tahajia. Swali moja liliuliza kama amewahi kuwa "convicted". Alikuwa ameandika ndiyo, na chini yake, kwa herufi safi: Luzira, miezi minne.

"Kaka," nikamwambia, "hukuhukumiwa wewe."

"Si nilifungwa?"

Wino ulikuwa wa kalamu, haufutiki. Tukaondoka wote wawili kwenda kuomba fomu nyingine.